Hoja Dhidi ya Wapiga Ramli wa Debian

Imeenea miongoni mwa watumiaji wa Linux, na hasa wale waliokabidhiwa seva za ofisi, za vyuo na za mashirika, rai ya kwamba siku ya kutoka kwa toleo jipya la Debian ni jambo la hisabu tu: huchukuliwa taarikhi ya toleo lililopita, hujumlishwa miaka miwili, huongezwa mwezi mmoja au miwili kwa ajili ya ada ya kuchelewa, na jawabu lipatikanalo huandikwa katika makadirio ya mwaka kana kwamba limetoka kinywani mwa mwenye mamlaka. Rai hii hufuatana na nyingine iliyo dada yake, isemayo kwamba mradi uliokwisha kupita miaka 30 bila ya kujifunza kuitaja mapema siku ya kutoa kazi yake ni mradi uliopungukiwa na nidhamu, na kwamba maadamu wengine huweza kutangaza mwezi wa toleo lao miaka mbele, kukataa kwa Debian ni uzembe au ni kiburi. Nimezisikia rai hizi kwa watu wenye akili na ujuzi, watu ninaowaheshimu, na sababu ya kushika kalamu ni kwamba naziona zote mbili kuwa batili: ya kwanza kwa kuwa inahesabu kitu kisichokuwa chanzo cha jambo, na ya pili kwa kuwa inailaumu ile sifa iliyo bora kuliko zote katika kazi ya watu hawa.

Insafu yataka hoja ya mpinzani ielezwe kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa, nami sitaipunguza. Toleo la 6 la Debian, liitwalo Squeeze, lilitoka tarehe 6 Februari 2011. Wheezy likafuata tarehe 4 Mei 2013, Jessie tarehe 25 Aprili 2015, Stretch tarehe 17 Juni 2017, Buster tarehe 6 Julai 2019, Bullseye tarehe 14 Agosti 2021, Bookworm tarehe 10 Juni 2023, na Trixie, ambalo ni la 13, tarehe 9 Agosti 2025. Atazamaye orodha hii aona miaka ya witiri ikifuatana bila ya kurukwa hata mmoja, na akiwa na kalenda mkononi ataona pia kwamba kuanzia Wheezy siku zote hizo ni Jumamosi. Basi hapana ajabu mtu akisema kwamba Forky, ndilo jina lililochaguliwa kwa toleo la 14, litatoka Jumamosi mojawapo ya katikati ya mwaka 2027, na yamkini mambo yakaja kuwa hivyo.

Lakini orodha hiyohiyo, ikisomwa kwa makini zaidi, inamkana aliyeileta kuwa shahidi wake. Baina ya Bullseye na Bookworm haikutimia hata miezi 22. Baina ya Squeeze na Wheezy ilikaribia kutimia 27. Tofauti ni ya miezi 5, na ndani ya miezi hiyo 5 ndimo lilimo swali lote la muulizaji, kwa maana hapana mtunza seva aulizaye kama toleo litatoka katika muongo huu. Huuliza kama litatoka kabla ya muhula wa chuo kuanza au baada yake, kabla ya mwaka wa fedha kufungwa au umekwisha kufungwa. Hisabu inayompa mwaka na kumnyima mwezi imempa alichokuwa nacho tayari. Ama hizo Jumamosi, hazikupatikana kwa kuhesabu. Wafanyao kazi hii aghalabu wana ajira nyingine siku za katikati ya juma, na kulitoa toleo ni shughuli ya mchana kutwa na pengine ya usiku, ya kuhamisha hazina nzima ya programu kutoka jina moja kwenda jina jingine, kutengeneza picha za diski kwa kila aina ya mashine, kuzijaribu moja baada ya moja, na kungoja seva za nchi mbalimbali zipokee nakala. Siku ya juma inatabirika kwa kuwa sababu yake inajulikana, na ningependa msomaji aishike kanuni hiyo, kwani ndiyo nitakayoitumia hadi mwisho.

Fauka ya hayo, orodha ya mpinzani wangu inaanzia pale panapomfaa. Tukirudi nyuma zaidi twaona kwamba toleo la 1.1 lilitoka Juni 1996, la 1.2 Desemba ya mwaka uleule, la 1.3 katikati ya 1997, la 2.0 Julai 1998, la 2.1 Machi 1999, la 2.2 Agosti 2000, na la 3.0, liitwalo Woody, tarehe 19 Julai 2002. Mtu aliyeketi siku ya Woody akavigawanya vipindi hivyo sita alipata wastani wa takriban mwaka mmoja, na kwa wastani huo alikuwa na haki ya kuingoja Sarge, toleo la 3.1, ifike Julai 2003. Ilifika tarehe 6 Juni 2005. Hisabu yake haikuwa na kosa lolote katika kujumlisha wala katika kugawanya. Ilikosea kwa karibu miaka miwili kwa kuwa haikuuliza ni kitu gani kilichokuwa kikifanyika ndani ya kazi yenyewe. Na yeyote ayatumiaye leo matoleo manane ya mwisho kwa njia ileile hana dalili bora kuliko ya mwenziwe wa 2002.

Habari ya Sarge yanilazimu nikae nayo, kwa sababu ndiyo silaha kubwa ya wale wenye rai ya pili. Husimuliwa mpaka leo kwamba Sarge ilichelewa miaka mitatu kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeweka siku, na kwamba lau ingalikuwapo tarehe ukutani, watu wangaliifanyia kazi. Ukweli ni kinyume cha hayo. Tarehe ziliwekwa. Mwezi wa Agosti 2003 msimamizi wa matoleo alitangaza lengo la tarehe 1 Desemba 2003, na tarehe hiyo ikapita. Mwaka uliofuata ikatangazwa ratiba iliyoishia tarehe 15 Septemba 2004, nayo ikapita. Kilichokuwa kikiizuia Sarge ni mambo ambayo tarehe haiwezi kuyaamuru. Kisakinishi cha zamani kilikuwa kimekwisha umri, na kipya kilikuwa kikiandikwa tangu msingi ili kifanye kazi katika aina 11 za mashine, kuanzia kompyuta za mezani hadi mitambo mikubwa ya IBM. Novemba 2003 wavamizi waliziingia seva kadhaa za mradi, kazi ikasimama mpaka zilipochunguzwa na kujengwa upya. Aprili 2004 wanachama walipiga kura ya kurekebisha Mkataba wa Kijamii wa Debian, na maneno mapya yalipopita ikadhihirika kwamba, yakichukuliwa kama yalivyo, vitu vingi visivyokuwa huru kwa ukamilifu, zikiwamo nyaraka, vilipaswa kuondolewa kabla toleo halijatoka. Ikabidi kura nyingine ipigwe ili utekelezaji uahirishwe hadi Sarge itoke. Na yote hayo yalipokwisha kutengenea, bado haukuwapo mtambo wa kujenga marekebisho ya usalama kwa aina zote za mashine katika tawi lililokuwa likitayarishwa, na toleo lisiloweza kupelekewa marekebisho ya usalama halifai kukabidhiwa mtu yeyote.

Sikatai kwamba kungoja kule kulikuwa na gharama. Watumiaji wa Woody walinunua mashine mpya ambazo kisakinishi cha Woody hakikuzitambua, wakaziona programu zao zikizeeka mbele ya macho yao, na wengi walihama wakaenda kwingine. Watu waliohama hawakuwa wapumbavu wala wasaliti. Tena Sarge yenyewe haikutoka bila doa, kwani diski zake za kwanza zilikuwa na kosa katika mpangilio wa kupokea marekebisho ya usalama, zikabadilishwa mara moja. Ninalolikanusha ni dawa inayopendekezwa. Mgonjwa huyu alikwisha kupewa tarehe mara mbili, na haikumponya mara zote mbili.

Basi siku ya toleo huzaliwa na nini? Kila kifurushi cha programu kipya, au kilichorekebishwa, huingia kwanza katika tawi liitwalo Sid, ambalo halitolewi kamwe kuwa toleo. Kikikaa humo siku chache bila kuletewa shitaka la hitilafu kubwa iliyo mpya, kikajengeka kwa kila aina ya mashine inayohusika, na kisivunje kifurushi kingine kinachokitegemea, huhamishwa na programu maalumu kwenda katika tawi la majaribio, ambalo ndilo toleo la kesho. Hitilafu hupangwa kwa madaraja, na yako matatu ya juu ambayo kila moja latosha kulizuia toleo: zile zinazoharibu mfumo mzima, kupoteza data au kufungua mlango kwa wavamizi, zile zinazofanya kifurushi kisitumike kabisa, na zile zinazovunja sharti la lazima la kanuni za Debian. Hatimaye huja mgando, ndio kuufunga mlango wa tawi hilo kwa hatua: kwanza hukatazwa mabadiliko makubwa ya maktaba zinazotegemewa na vifurushi vingi, kisha vifurushi vipya, kisha mabadiliko yote isipokuwa marekebisho yaliyopata idhini ya jopo la matoleo. Kuanzia hapo kazi yote ni moja, nayo ni kuipunguza ile orodha ya hitilafu zinazozuia, kifurushi baada ya kifurushi, na visivyorekebishika kuviondoa.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walijua msimu wa kaskazi utaanza lini, na tajiri aliyeagiza chombo alijua vilevile. Lakini siku ya kukishusha majini ilitajwa na fundi baada ya kupita na tambo la pamba na nyundo yake kila mshono tangu mkuku hadi ukingoni, na tajiri mwenye busara hakumwuliza siku, alimwuliza imebaki mishono mingapi. Swali la namna hiyo laweza kuulizwa Debian wakati wowote, na jawabu lake li wazi kwa kila mtu, kwa sababu orodha ya hitilafu haifichwi hata moja. Hapa ndipo ninapoona ajabu ya wapiga ramli: wameacha ushahidi uliowekwa mezani, unaobadilika kila siku kwa kadiri kazi inavyoendelea, wakaenda kuitazama miaka iliyokufa.

Na hata mwenye kuitazama orodha hiyo atahadhari na kujumlisha kwa haraka, kwani hitilafu hazilingani. Nyingine hufutwa kwa mstari mmoja wa msimbo alasiri moja. Nyingine hushika maktaba mamia na kuchukua miezi. Katika matayarisho ya Trixie ilifanyika kazi ambayo hapana kalenda ya matoleo iliyoweza kuibashiri: kompyuta za biti 32 huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 katika nafasi itakayojaa tarehe 19 Januari 2038, na ili zile mashine ndogo za aina ya ARM zilizotiwa ndani ya mitambo na vifaa zisije zikapotewa na saa siku hiyo, ilibidi kipimo cha wakati kipanuliwe hadi biti 64, na kila maktaba iliyoguswa na kipimo hicho ijengwe upya pamoja na vyote vinavyoitegemea. Kazi hiyo ilijaza miezi ya mwanzo ya 2024. Mtu aliyekuwa akihesabu miaka miwili tangu Bookworm hakuwa na tarakimu ya kuiweka.

Yuko atakayesema kwamba kazi ya kujitolea haina msukumo, na kwamba palipo na fedha tarehe hutimia. Jaribio hilo nalo lilifanywa. Septemba 2006 baadhi ya wanachama, akiwamo kiongozi wa mradi wa wakati huo, walianzisha mpango ulioitwa Dunc-Tank wa kuchangisha fedha ili wasimamizi wawili wa matoleo walipwe, kila mmoja kwa mwezi wake, wafanye kazi hiyo peke yake mpaka Etch, toleo la 4.0, litoke tarehe 4 Desemba 2006. Ikhtilafu iliyozuka ilikuwa kali mno. Watengenezaji wengine waliuliza kwa nini wao wafanye bure kile ambacho jirani yao analipwa, wengine walitamka hadharani kwamba ari yao imepoa, na ikapigwa hata kura ya kumwondoa kiongozi, ambayo haikupita. Etch lilitoka tarehe 8 Aprili 2007. Siwalaumu walioanzisha mpango huo, kwa maana nia yao ilikuwa njema na waliolipwa walifanya kazi kwa uaminifu. Lakini waliinunua miezi miwili ya watu wawili, na tarehe ya Debian i mikononi mwa watu zaidi ya elfu, ambao hapana mmoja wao awezaye kuamrishwa.

Hoja yenye uzito kuliko zote nimeibakiza makusudi, nayo ni kwamba Debian yenyewe imeanza kutaja tarehe. Ni kweli, na historia yake yafaa kuelezwa sawasawa. Mwishoni mwa Julai 2009, katika mkutano wa mwaka uliofanyika mjini Cáceres, Uhispania, ilitangazwa kwamba tangu hapo mgando utawekwa kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Desemba, na kwamba wa kwanza ungekuwa Desemba ya mwaka huohuo. Wanachama wengi waliisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza pamoja na walimwengu wengine, na baada ya siku chache tu tarehe ya Desemba ikarudishwa mezani. Squeeze liligandishwa Agosti 2010. Hata hivyo wazo la kuutaja mgando mapema lilibaki, likapevuka, na kwa Jessie siku ya 5 Novemba 2014 ilijulikana mwaka mzima kabla haijawadia. Kwa Bookworm mgando ulianza tarehe 12 Januari 2023, na kwa Trixie tarehe 15 Machi 2025, kila hatua na siku yake.

Lakini wapinzani wangu huisoma habari hii kama kwamba mwenye kutaja siku ya kufunga mlango ametaja siku ya kufika mwisho wa safari. Mradi unaweza kuahidi kwamba baada ya siku fulani hautapokea kitu kipya, kwa sababu kutopokea ni jambo lililo katika uwezo wake wote. Hauwezi kuahidi kwamba hitilafu zilizokwisha kuingia zitaonekana na kutengenezwa kwa muda fulani, kwa sababu hitilafu isiyojulikana haina urefu wa kupimika. Wheezy liligandishwa tarehe 30 Juni 2012 na likatoka baada ya miezi 10. Jessie, lililofuata, halikufikisha miezi 6. Kilichoupunguza muda huo kwa sehemu kubwa ni kanuni mpya ya kuviondoa katika tawi la majaribio, bila ya kungoja amri ya mtu, vile vifurushi visivyo vya msingi vyenye hitilafu inayozuia, pindi mwenye navyo asipoitengeneza kwa muda aliopewa. Namna ya kazi ilirekebishwa, na tarehe zikawa karibu. Na hata leo siku yenyewe ya kutoka hutangazwa wiki kadhaa tu kabla, pale jopo linapoona mwisho wa orodha, na likishaitangaza hutimia. Huo ndio mwenendo wa mtu mkweli: huahidi alichonacho mkononi.

Na Ubuntu je, mfumo mwingine wa Linux, ambao ndio mfano wa hao wanaotaja mwezi wao mapema? Hutoka kila baada ya miezi 6 tangu Oktoba 2004, na namba ya toleo lake ni mwaka na mwezi wenyewe, hata mtoto aweza kuisoma. Ni kazi kubwa na yenye manufaa, wala sitaki kuitweza. Ila atakaye kuitumia kuishitaki Debian na akumbuke mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya vifurushi vya Ubuntu huchotwa katika tawi lilelile la Sid, vikiwa vimekwisha kutengenezwa na watunzaji wa Debian. Basi kushika saa kwa mmoja kumejengwa juu ya subira ya mwingine, na atakayemlazimisha wa chini ashike saa vilevile atakuwa ameutikisa msingi wa nyumba zote mbili. Pili, toleo la kwanza la Ubuntu lililoahidiwa matunzo ya miaka mingi lilikusudiwa kutoka Aprili 2006, na waliolisimamia walipoona halijapikika wakalisogeza mbele kwa wiki kadhaa, likatoka Juni likiwa na namba 6.06. Walifanya vema. Lilipowajia jambo zito la kutunzwa kwa muda mrefu, walichagua lile ambalo Debian hulichagua kila mara.

Mwaka 2024 ulituonyesha kwa nini uchaguzi huo si wa anasa. Tarehe 29 Machi Andres Freund, mhandisi wa programu wa Microsoft, alitangaza kwamba ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili itumiwayo karibu kila mahali, palikuwa pamefichwa mlango wa siri. Aliugundua akiwa katika Debian Sid, baada ya kuona kwamba kuingia katika mashine kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi kuliko desturi, naye hakuridhika mpaka alipoijua sababu. Aliyeutia mlango ule alikuwa amejenga imani ya watu kwa zaidi ya miaka miwili, na wenye kumuunga mkono waliwasihi wasambazaji waipokee xz mpya upesi. Uharibifu uliingia Sid na katika tawi la majaribio. Tawi thabiti, yaani toleo lililokwisha kutolewa kwa watumiaji, halikuguswa, kwa sababu kitu kipya hakifiki huko mpaka kimekaa na kutazamwa. Ubuntu iliahirisha kwa juma moja jaribio la mwisho la toleo lake la Aprili ili vifurushi vijengwe upya, na Debian iliahirisha 12.6, sasisho dogo la Bookworm lililokuwa limekwisha kupangiwa siku, hadi tarehe 29 Juni. Sijamsikia mtu mwenye akili timamu aliyelalamikia kucheleweshwa huko. Lakini mwenye kukubali kwamba Aprili 2024 ilikuwa haki kungoja amekwisha kukubali kanuni yote, kwani waliongoja walijua hatari ile baada ya kuonekana, na muda wa kungoja wa kila toleo umewekwa kwa ajili ya zile ambazo bado hazijaonekana.

Mfano wa asiyengoja pia tunao, tena wa siku za mwanzo kabisa. Debian haina toleo la 1.0. Desemba 1995 muuzaji mmoja wa diski alichukua kazi iliyokuwa bado inatengenezwa, akaitia katika diski zake na kuiita 1.0, naye hakuwa na nia mbaya. Yamkini aliona kazi inakaribia, akakisia kwamba ndiyo hiyo. Watu walinunua kitu kibovu kilichobeba jina la mradi, na mradi ukalazimika kuiacha namba hiyo milele na kuanzia 1.1 mwezi wa Juni uliofuata.

Kuna jambo jingine linalonichoma zaidi kuliko hesabu zenyewe. Tarehe iliyokisiwa, ikishakaririwa na watu wa kutosha, hugeuka kuwa deni, na hudaiwa mtu asiyeikopa. Mtunzaji wa kifurushi aliyerudi nyumbani usiku kutoka kazini kwake, akaketi kuitafuta hitilafu asiyoisababisha katika programu asiyolipwa kuitunza, hukuta anaulizwa kwa nini amechelewa, na ukimwuliza mwenye kudai siku hiyo aliitoa wapi, atakuonyesha tarakimu alizojumlisha mwenyewe. Nasema hapana haki katika dai hilo. Mwenye haraka ya kweli ana njia iliyo wazi: asakinishe tawi la majaribio katika mashine ya akiba, aendeshe humo kazi zake za kila siku, na kila linalovunjika aliandikie ripoti iliyo kamili, yenye namba ya toleo la kifurushi na namna ya kulirudia kosa. Ripoti moja ya namna hiyo, ikipokewa mwezi wa kwanza wa mgando badala ya mwezi wa nne, inaweza kuleta toleo karibu kwa kiasi ambacho hapana bashiri iwezayo. Kazi hii haihitaji mtu awe mwandishi wa programu, na yaweza kufanywa Mombasa au Dodoma sawa na Berlin.

Ama yule anayeuliza kwa ajili ya makadirio ya fedha, ambaye nakiri kwamba ana shida halisi na anastahili jawabu, huyo amekuwa akiitafuta tarehe isiyomhusu huku zile zinazomhusu zimekwisha kuchapishwa. Kila toleo thabiti la Debian hupewa matunzo kamili ya usalama kwa miaka 3, kisha hukabidhiwa kwa kikundi cha matunzo ya muda mrefu mpaka kiasi cha miaka 5. Kwa Bookworm siku hizo ni tarehe 10 Juni 2026 na tarehe 30 Juni 2028. Kwa Trixie ni tarehe 9 Agosti 2028 na tarehe 30 Juni 2030. Mwenye seva zinazoendeshwa kwa Trixie aweza kuyaandika makadirio yake leo bila ya kujua Forky litatoka Mei, Agosti au baadaye zaidi, kwa sababu hata likichelewa kama Sarge ilivyochelewa, seva zake bado zitakuwa ndani ya muda wa matunzo; linalombakia ni kuchagua mwaka atakaowatenga mafundi wake kwa kazi ya kuhama, na kuwaombea fedha za mashine ya majaribio sasa.